Kitabu cha Kushika Wawili

Nyie vijana mtakaosoma haya, kwanza zimeni hizo simu. Au basi zilazeni kifudifudi, maana kuzizima najua hamwezi. Nataka kuwaambia tulivyokuwa wadogo huku mlimani, na wenzangu wa rika langu, ambao macho yamekwisha na mnasomewa na wajukuu, mtanisahihisha nikikosea.

Sisi tumekua ndani ya ukungu. Ukifungua mlango asubuhi huuoni mgomba ulio mbele ya nyumba, unausikia tu ukidondosha maji. Shule tulikwenda peku, udongo wa baridi unauma nyayo, mkononi gimbi la kuchoma ambalo kazi yake ya kwanza ilikuwa kupasha vidole moto, kuliwa baadaye. Tulicheza rede kwa mpira wa majani makavu ya migomba, tukacheza mdako kwa vijiwe vya mtoni, tukaketi juu ya gome la mgomba na kuteleza mteremko mzima mpaka gauni likatoboka nyuma. Mama akiuliza limetobokaje, unamwambia mende. Kengele ya sala ya misheni ikilia mchana, mwenye jembe anasimamisha jembe, mwenye mchi anasimamisha mchi, mlima mzima unanyamaza. Jioni ni ndizi mbichi zilizopikwa na maharage, mnakula sahani moja, na mwenye mikono mirefu ndiye anayeshiba. Leo mtu anakula chipsi peke yake chumbani halafu anasema ana msongo wa mawazo.

Raha zilikuwepo, sikatai. Lakini kuna jambo moja ambalo sisi wazee tukikaa kusifu siku zile huwa tunalipita kimyakimya. Hazikuwa siku nzuri kwa mtoto mwenye haya. Mtoto wa kujificha, mtoto wa kuziba mdomo mbele za watu, kwetu hakuwa na jina zuri. Alikuwa na kiburi, au alikuwa bubu, au alikuwa amechezewa na wachawi. Najua, kwa sababu mtoto huyo nilikuwa mimi.

Chekeni tu. Wanaonijua leo, Bibi Tekla ambaye hata mbuzi wa jirani wananitii, hawaamini. Nyumbani, nikiwa na mama yangu na bibi yangu mzaa mama, nilisema vizuri sana, na kuku nilikuwa nawaimbia. Ila kivuli cha mgeni kikishapita kizingiti, koo langu linafunga. Si kwamba nilikuwa sitaki. Maneno nilikuwa nayo, yamejipanga kabisa, halafu mtu ananitazama usoni na yote yanakwama hapa, chini ya kidevu, kama gimbi la moto.

Na kwetu salamu ndiyo kila kitu. Njia za mlimani ni nyembamba. Ukikutana na mkubwa amebeba mzigo, mtoto anapanda kando, anainama, anasema shikamoo. Akiwa mtu wa misheni unamwambia na Tumsifu Yesu Kristu. Mimi nikisikia tu miguu inakuja naingia kwenye mabingobingo, nachuchumaa huko, majani yananikata masikio, nasubiri wapite. Walikuwa wananiona. Mlima una macho mengi.

"Mtoto wa Mama Tekla ana kiburi yule."

"Kiburi kitoke wapi? Bubu."

"Bubu gani anaimbia kuku? Nimemsikia kwa masikio yangu."

Waliyasema hayo nikiwa nimesimama hapohapo mbele yao, kana kwamba asiyesema hasikii.

Ingeishia kwenye kusengenywa, ningekua nayo hivyo hivyo. Lakini ilikuwa miaka ile ya mkoloni, ya kulazimishwa kuchimba matuta ya ngazi ya kuzuia udongo. Kila mtu mzima alitakiwa mlimani na jembe, na asiyeonekana tarishi wa jumbe anatumwa kumtafuta nyumbani. Siku hiyo bibi yangu alikuwa mgonjwa, mama akaomba ruhusa kwa msimamizi akapewa, akashuka mtoni kufua nguo za mgonjwa. Akaniachia neno moja tu: "Tarishi akija, mwambie mama kapewa ruhusa, yuko mtoni." Nikaitikia. Nililirudia neno lile nikiwa nafagia, nikalirudia nikiwa nachochea moto. Lilikuwa limeniiva kabisa.

Tarishi akaja na fimbo yake na kofia yake nyekundu, akajaza mlango wote. "Mama yako yuko wapi?" Nikatazama vidole vyake vya miguu. Akauliza tena, kwa sauti ya juu. Bibi alikuwa amelala chumba cha ndani, homa imempanda, hajui hiki wala kile. Mimi nikarudi nyuma kidogo kidogo mpaka nikawa nyuma ya mtungi wa maji. Tarishi akacheka kicheko kibaya, akasema, "Wamekufundisha vizuri kuficha watu," akaondoka.

Mama akahesabiwa amejificha, na alipojieleza baadaye hakusikilizwa. Akapewa adhabu ya kufyeka njia ya kwenda kwa jumbe, juani, kila anayepita anamwona. Hakunigombeza. Alirudi jioni mikono imevimba, akanitazama, akaanza kumenya ndizi. Heri angenigombeza.

Habari zikamfikia mjomba. Ninyi mlioolewa na kuoa huko na huko mmeshasahau, lakini kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Baba yangu alikuwa anachimba ulanga upande wa pili wa mlima, yale madini ya kumetameta ambayo Wazungu walikuwa wanayanunua, na hata angekuwepo asingeweza kumpinga. Mjomba akaja, akapewa kigoda, akaniita. Nikasimama mbele yake. Kaka wa mama yangu, damu yangu, na bado shikamoo haikutoka.

Akanikamata kidevu, akanifunua mdomo, akachungulia. Halafu akasema na mama kama fundi anayesema juu ya jembe lililopinda: "Haya gani hii? Huyu ana udata. Ulimi umefungwa kwa chini, ndiyo maana hausemi. Fundi wa vimeo akija sokoni, gulio la baada ya mavuno, tutamkata."

Sijui kama mnaelewa maana yake. Siku zile mtoto akikohoa sana anakatwa kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Akichelewa kusema anakatwa udata, ile nyama inayoshika ulimi. Fundi alikuwa anapanda kutoka huko chini na kisu chembamba kilichopinda ncha, na jivu la moto la kuzuia damu. Jirani yetu, mtoto anaitwa Fidelisi, alikatwa kwa ajili ya kikohozi. Nilimwona akitolewa nje ameshikwa mikono na miguu. Damu haikutaka kukoma mpaka jua likazama. Alipona, lakini kwa muda mrefu akawa akimeza hata mate anafumba macho.

Basi toka siku hiyo mahindi yakawa saa yangu. Watoto wengine walikuwa wanaombea yakauke wale bisi. Mimi kila asubuhi nilikuwa naingia shambani kwa mama, nalishika hindi moja, nalibonyeza. Likiwa bado na maziwa, napumua. Nilikuwa naomba mvua. Mtoto wa mkulima anaomba mvua wakati wa kukausha mahindi, wapi mmeona?

Na kadiri nilivyoogopa ndivyo nilivyozidi kufunga. Mama ananiambia kwa upole, "Sema tu shikamoo, mwanangu, moja tu, mjomba wako asikie," na mimi nataka, Mungu shahidi, na hapohapo nakiona kile kisu. Shuleni nilikaa mwisho wa benchi. Mwalimu akiniuliza nasimama, nasimama tu, na darasa zima linaimba, "Bubu kasimama! Bubu kasimama!"

Msimu huohuo ndipo alipokuja Mwanahawa.

Baba yake alipanda kutoka Msamvu, mjini, akafungua kiduka karibu na misheni, anauza chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Walikuwa Waislamu, lakini shule ilikuwa hiyohiyo moja, kwa hiyo mzee alikubali binti yake asome kwa masista, kipindi cha dini atoke nje. Mwanahawa alikuwa anasema kuanzia anapofumbua macho. Lakini Kiluguru hakijui hata kidogo, na Kiswahili chake ni cha mjini, cha kukimbia, kwa hiyo watoto walimwiga kwa kubana pua na hawakumchezesha rede. Tukawa wawili wa pembeni, mmoja kwa kutosema, mwingine kwa kusema sana.

Sista mmoja aliyekuwa anatufundisha, mama wa Kizungu mwenye mashavu mekundu, alikuwa na sanduku la vitabu vya picha kutoka kwao. Maandishi yake hakuna aliyeyajua ila yeye mwenyewe. Vitabu vilikuwa vichache na watoto ni wengi, kwa hiyo akaweka utaratibu wake, na Sista alikuwa mkali kuliko mimi wa leo. Kitabu hakishikwi na mtoto mmoja. Kinashikwa na wawili: huyu ashike upande wa kushoto, huyu wa kulia, kitabu kilale juu ya magoti yenu yote. Na ukurasa haufunuliwi mpaka wote wawili mseme "tayari." Anayefunua kabla mwenzake hajawa tayari ananyang'anywa.

Kila mtoto akamkimbilia wake. Sisi tukawa mabaki. Sista akatukalisha barazani, akaniambia, "Wewe kama huwezi kusema tayari, gonga kwa kidole."

Mwanahawa akajisogeza mpaka bega lake likagusa langu, akafungua kitabu, akaanza. Kwao Msamvu kuna hivi, kwao kuna vile, treni ikiwa inakuja kutoka Kingolwira ardhi inatetemeka hata hujaiona. "Wewe umewahi kuona treni?" Nikajua sasa ataniambia bubu. Akasema, "Haya, usiseme. Mimi nitasema yangu na yako."

Na akafanya hivyo kweli! Alikuwa anauliza kwa sauti yake na kujibu kwa sauti nyembamba ambayo eti ndiyo yangu. "Tekla, hii nyumba unaipenda?" "Aka, siipendi, paa lake limechongoka, kuku watateleza." Nilicheka kwa puani. Nikagonga kidole: tayari.

Siku kadhaa ziliisha hivyo. Na hapa ndipo nataka mnisikilize, maana nimelea watoto wengi, wa kwangu na wa watu, na kila siku naliona lilelile. Mtoto mwenye haya hamwogopi mtu, anaogopa macho. Mkimkalisha akutane uso kwa uso na mtoto mwingine, mkasema "haya chezeni," mmewatupa wawili shimoni. Lakini mkiwakalisha bega kwa bega na picha mbele yao, macho yanapata pa kwenda. Wote wanatazama kule. Maneno yakija yanaangukia kitabuni, hayamwangukii mtu. Na ule ukurasa usiofunuliwa mpaka mwenzio awe tayari ulinifundisha kwamba kuna mtu duniani ananingoja na wala hakasiriki.

Katika kitabu chetu kulikuwa na ukurasa mmoja mweupe. Nyumba, miti isiyo na majani, watoto wamevaa nguo nzito kama magunia, na chini kote kweupe, kunang'aa. Mwanahawa akaukazia macho, halafu akasema kwa ujuzi wote wa mtoto wa muuza duka: "Hii chumvi. Wamemwaga chumvi. Baba angewachapa."

Sasa mimi nilikuwa nakijua kile kitu. Baba yangu akirudi kutoka machimboni, nguo zake, nywele zake, hata ndevu, zinang'aa vilevile. Njia ya kutoka machimboni inang'aa vilevile. Nikagonga kidole kwa nguvu. Akasema, "Nini? Chumvi." Nikagonga tena. "Chumvi, wewe! Naijua, naipima kila siku."

"Ulanga!"

Neno lilitoka lenyewe. Mwanahawa akanyamaza, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nilidhani atageuka kunitazama, au atapiga kelele kwamba bubu kasema, na angefanya hivyo nisingefungua mdomo tena mpaka kufa. Hakugeuka. Aliendelea kukitazama kitabu, akasema taratibu, "Ulanga ndiyo nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, jinsi unavyobanduka karatasi karatasi, jinsi ukiutazamia jua unaona mpaka upande wa pili. Akasema bado ni chumvi. Nikasema akailambe. Akainama akaulamba ukurasa wa Sista, akasema haina chumvi, basi labda kweli. Sista alipokuja kutueleza kwamba ni maji yaliyoganda yakaanguka kutoka mbinguni, tulitazamana, mara ya kwanza uso kwa uso, tukaona wote kwamba Sista naye hajui.

Mahindi yakakauka.

Mama alinisikia siku moja. Mwanahawa alikuja mpaka kwetu, tukakaa nyuma ya nyumba tunabishana, mama yuko kwenye migomba. Hakutokeza. Alikwenda moja kwa moja kwa kaka yake akamwambia, mtoto anasema, nimemsikia. Mjomba akasema, "Wewe ni mama yake, utasikia hata mawe yakisema. Mimi nikimsikia kwa masikio yangu, fundi atarudi na kisu chake. Nisipomsikia, anakatwa. Gulio ni kesho."

Mama akaenda kwa Sista kuazima kitabu, akaenda dukani kumwomba Mwanahawa aje tukishike mbele ya mjomba. Mwanamke yule hakuwa mtu wa kuomba omba.

Kesho yake uani kwetu palikuwa na mjomba kwenye kigoda, fundi kwenye mkeka na kifurushi chake, bibi yangu amepona ila bado amejifunga shuka, mama amesimama, na majirani wamejaa kwenye uzio kana kwamba kuna ngoma. Jivu lilikuwa tayari kwenye kigae. Nililiona toka mlangoni, linafuka.

Mwanahawa akaamkia wote mmoja mmoja, wakaitikia, wakamsifu. Halafu macho yote yakahamia kwangu. Tukaketi, kitabu magotini, yeye kushoto, mimi kulia. Akaanza: "Tekla, huyu mama ameshika nini?" Nikaona miguu ya mjomba. Nikaona mkono wa fundi unafungua kifurushi. Hata kidole changu hakikugonga.

"Tekla, ni kuku huyu?"

Watu wa kwenye uzio wakaanza kunong'ona. Mjomba akasema, "Mmeona wenyewe. Fundi, fanya kazi yako." Mama akasema, "Kaka, ngoja kidogo," mjomba akasema, "Nimengoja toka azaliwe." Fundi akainuka na kisu kiko wazi.

Mwanahawa akasema, "Shikamoo, mjomba."

"Umeshaniamkia wewe."

"Naomba mgeuke."

"Nini?"

"Hasemi akitazamwa. Mgeukie ukuta wote, ndipo atasema."

Mnaijua hasira ya mtu mzima anapoamrishwa na mtoto mbele ya majirani? Mishipa ya shingo ilimsimama. "Mtoto wa muuza chumvi ananiambia mimi nigeukie ukuta? Nyumbani kwa dada yangu? Nimekuwa mwizi?"

Hapo bibi yangu akainuka. Polepole, maana magoti yalikuwa yanamsumbua. Akachukua kigoda chake, akakigeuza, akaketi uso kwenye udongo wa ukuta, mgongo kwetu. Akasema kule kule ukutani, "Mimi nimeshageuka. Na wewe nimekuzaa mimi. Geuka."

Mjomba akasimama hapo muda ambao mimi naukumbuka kuwa mrefu kuliko mavuno yote. Halafu akakigeuza kigoda chake, naye akaketi uso ukutani. Fundi akageuka, kisu mkononi. Mama akageuka. Hata wale wa kwenye uzio wakageuza migongo, mmoja akacheka, bibi akamwambia anyamaze.

Mwanahawa akasema, "Ni kuku huyu, eti?"

"Bata," nikasema. Kidogo sana.

"Sijasikia," mjomba akaambia ukuta.

Nikafunga tena. Mwanahawa akanitazama pembeni mwa jicho, na hapo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu tuanze kushika kitabu pamoja. Akafunua ukurasa. Bila tayari yangu. Akafunua na mwingine juu yake, kwa fujo, fyaa.

"Rudisha! Mwanahawa, rudisha! Mimi sijawa tayari, mbona unafunua kabla yangu? Nitamwambia Sista akunyang'anye!"

Ilisikika mpaka ng'ambo ya mto, nadhani. Fundi akaanza kutikisika mabega kwa kicheko, bado amegeukia ukuta. Akasema, "Mzee, mwenye udata hawezi kusema rudisha namna hiyo. Ulimi huu ni mzima kuliko wangu." Akakifunga kisu kwenye kifurushi, akamwaga jivu, akaomba maji ya kunywa.

Mjomba hakugeuka haraka. Alikaa na mgongo wake kwetu, mikono magotini. Baadaye akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mwambieni aendelee. Huyo bata amefanya nini?"

Nikaendelea. Sikugeuka kuwa msemaji siku ile, msidanganyike. Shikamoo ya mjomba ilichukua mavuno mengine, na ya kwanza niliisemea nyuma ya mlango, akaitikia bila kugeuza kichwa, Mungu amrehemu. Lakini niliacha kuitwa bubu, na mabingobingo sikuingia tena ila kukata majani ya mbuzi. Rafiki nilikuwa naye mmoja tu. Mmoja alinitosha. Baba yake alipofunga duka wakarudi mjini, nilikuwa nimeshakuwa binti wa kushusha mboga sokoni, na kila niliposhuka tulikaa bega kwa bega nyuma ya vikapu vya kabichi, tunatazama wapita njia, yeye anasema lake na la kwangu. Mpaka uzee ndivyo tulivyokaa. Sasa amelala kwao Msamvu, na mimi nikienda mjini sina wa kuketi naye hivyo.

Siku hizi vitabu vya picha ni vingi, vina rangi, na maneno ni ya Kiswahili chetu. Nashukuru. Lakini kila mtoto ana chake na kona yake, anafunua anavyotaka, hana wa kumngoja wala wa kumngojesha. Na akiwa mwenye haya, wazazi wake, watu waliosoma, wanamsimamisha katikati ya sebule, wanamwelekezea simu usoni: "Sema hai kwa anko! Sema! Mbona husemi? Jamani mtoto huyu tumpeleke wapi?" Visu mmeviacha, hilo ni jema. Macho mmeyaongeza. Sisi tulikuwa maskini wa vitabu, na umaskini ule ndio uliotuketisha wawili wawili. Nayakumbuka yale magoti yaliyobeba kitabu kimoja, na baraza ile ya baridi, na natamani kitukuu changu angepata hata asubuhi moja ya namna hiyo.

Naye ni wa kujificha, kama nilivyokuwa mimi. Jumapili wageni walipokaribia kufika kwangu, mama yake alianza kumvuta kutoka nyuma ya pazia akawaamkie. Nikawaita wote jikoni, wakubwa kwa wadogo, nikawaambia hivi: "Mtoto asivutwe. Mwiteni binti wa jirani, wakalishwe barazani pamoja, wapewe kitabu kimoja, si viwili. Na mkimsikia anasema, mtu asigeuke, mtu asipige makofi, mtu asitoe simu. Endeleeni kumenya ndizi."